Nyumba ya Fedha ya Bibi Wegesa

Wanangu mnaojifunza usonara, na ninyi wengine mnaopita tu dukani kwa mpwa wangu kuchungulia moto, sogeeni. Mikono yangu siku hizi inatetemeka, hata chai naimwaga, lakini mdomo bado mzima. Mpwa wangu ameniomba niwaeleze namna ya kuyeyusha fedha na kuifanya iwe nyeupe. Nitawaeleza. Ila kuna kazi moja imenikaa kooni miaka hii yote, na kila nikitaka kusema habari za fedha, yenyewe inatangulia.

Kwanza mjue kwamba sonara ni mwongo. Msinune, hata wewe unayetabasamu hapo utakuwa mwongo, subiri tu upate wateja. Mimi nilijifunzia Bunda kwa fundi tuliyemwita Bwana Salehe, mtu mfupi, mwenye hasira za karibu, na alikuwaga na jibu moja kwa dunia nzima: "Njoo kesho, inshallah." Kuna kijana aliagiza pete ya uchumba pale. Alipokuja kuipata, mchumba alishaolewa na mwingine, na huyo mwingine naye alikuwa amekaa benchi lilelile akisubiri bangili za mke wake. Wallahi nilikuwepo. Nilitoka nje nikacheka peke yangu.

Siku hiyo nilithubutu kumwambia mzee, "Bwana Salehe, hii si aibu?" Akanitazama kwa chini. "Aibu gani? Siku mtu anapoagiza kitu, anakuwa anataka kusifiwa. Mwache arudi, arudi tena. Akichoka kutaka sifa na bado anakitaka kitu chenyewe, hapo ndipo uwashe moto." Nikasema moyoni, mvivu huyu hakosi maneno. Nikaapa kwamba nikipata duka langu, ahadi yangu itakuwa ahadi.

Duka nikalipata hapa Musoma, na ahadi yangu ikawa ileile ya Bwana Salehe. Mara tinkali imekwisha, mara umeme umekatika, mara nimepata msiba wa shangazi. Mashangazi wangu walikufa sana miaka ile. Tinkali ni ule unga mweupe mnaounyunyizia fedha inapoyeyuka, unakula uchafu wote; ninyi siku hizi mnaununua kwenye kopo, sisi tuliusaga wenyewe. Na moto tulipuliza kwa mdomo, kwa bomba la shaba, mpaka mashavu yanauma. Sasa mna gesi, mnafungua tu. Hamna kisingizio, lakini naona wateja bado wanarudi bure.

Na msimwamini mtu anayewaletea fedha na kuapa ni ya urithi. Mfanyabiashara mmoja wa dagaa pale Mwigobero aliniletea bangili nzito, anasema ni ya bibi yake, nimtengenezee mkufu. Nikaiweka kwenye kalibu, kile chungu kidogo cha kuyeyushia, nikapuliza, nikapuliza. Fedha halali ikiiva inafunguka, inang'aa na kuzunguka yenyewe pale kati. Hii ikatoa moshi wa kijani na harufu ya betri. Yule bwana akaniambia nimeroga bangili ya bibi yake. Piga tupa kwanza, mwanangu, uone ndani. Juu kila kitu ni cheupe.

Basi. Sasa huyo mama.

Tulimwita Mama Magesa. Alikuwa ananunua dagaa Mwigobero na vijiji vya ziwani, Murangi huko na kwingine, anapeleka mbali. Mama mkubwa kwa mwili na kwa sauti, na moyo wake ulikuwa mzuri, nataka mlijue hilo kabla sijaendelea. Baba yake alikuwa amefariki, mama yake, Bibi Wegesa, alibaki peke yake Butiama, kwenye nyumba ya msonge, ile ya mviringo yenye paa la nyasi. Mtaani kwao ilikuwa imebaki hiyo moja. Watu walikuwa wanamsema Mama Magesa: gari analo, mama yake analala kwenye nyasi. Maneno yakamchoma. Akamjengea mama yake nyumba ya tofali na vigae pembeni ya ule msonge, sebule kubwa, na katikati ya sebule meza ya mninga ya kukaa watu wa ukoo mzima.

"Mzee Idi," akaniambia, "msonge tutaubomoa, maana unaziba mlango wa mbele. Lakini sitaki mama aone tumemfutia nyumba yake. Nataka unitengenezee kama ulivyo, kwa fedha tupu, tuuweke katikati ya meza. Nimeona hotelini huko mjini, wana pambo la fedha katikati ya meza, jengo lina nguzo na kuba. Sisi tuweke letu."

Wanangu, damu ilinichemka kwa furaha. Maisha yangu yote pete, hereni, mkufu umekatika, mkufu umekatika tena. Leo naambiwa nijenge nyumba!

"Fundi wa kubomoa yuko tayari," akasema, "lakini nimemwambia asiguse mpaka wewe umalize, maana lazima uwe unautazama. Unamaliza lini?"

Nikamwambia kabla ya sikukuu ya ukoo wao ya kufungua nyumba. Akacheka mpaka mkufu wake ukaruka. "Ninyi masonara? Sikukuu itafika, itapita, na watoto wataoa. Nitamwambia kabisa yule wa kubomoa akalime kwanza."

Ebo! Akanigusa penyewe. Mimi nina hasira, nimewaambia? Hasira zangu zinanitangulia barabarani. Nikamwambia mbele ya watu, "Mama Magesa, siku hiyo asubuhi kitu kitakuwa mezani. Kisipokuwepo, usiniite fundi tena."

Nikaenda Butiama kuupima ule msonge. Bibi Wegesa nilimkuta amekaa mlangoni, anachambua mboga kwa vidole. Macho yalikuwa yamekwisha karibu yote, anaona mwanga tu na kivuli. Nikampa shikamoo, akanijibu kwa Kizanaki, nikajaribu Kijita cha mama yangu, akacheka, tukaangukia kwenye Kiswahili.

"Wewe ndo fundi ya kutengeneza nyumba ndogo?"

"Ndiyo mimi, mama."

"Ingia basi. Kichwa chini, hii nyumba inataka adabu."

Nikainama nikaingia. Kiza, baridi nzuri, harufu ya moshi na maziwa. Nilikuwa nimechukua kamba na fimbo ya kupimia, lakini yeye ndiye aliyenitembeza. Alikuwa anatembea vizuri mle ndani kuliko mimi mwenye macho. Akanyoosha mkono, hapo chungu. Akanyoosha, hapo nguzo ya kati, imekuwa laini kwa kushikwa. Akapiga hatua, akainama bila kupapasa, akanipa kigoda. Akaniambia mume wake aliikata ile nguzo yeye mwenyewe, na watoto wake wote aliwazaa nyuma ya kile kiambaza.

Kisha akaketi karibu na mafiga, akanusa ugoro wake, akaniambia pole pole, "Fundi, huko kwenye ile nyumba ingine nimepelekwa. Nimejigonga. Kona ni mengi. Nikitoka chumbani sijui choo iko upande gani, nasimama tu nasubiri mtoto aje. Humu sihitaji macho."

"Mwambie Mama Magesa," nikasema.

"Nimemwambia. Analia. Anasema watu watamcheka. Mtoto akilia, mama anafanya nini?" Akafuta pua. "Wewe nasikia hawabomoi mpaka umalize."

"Ndivyo alivyosema."

"Basi usiharakishe, mwanangu. Mimi ni mzee, sikuombi miaka mingi. Tengeneza pole pole tu."

Mnaona alichoniomba? Aliniomba kitu ambacho nilikuwa nimempa kila mteja wangu bila kuombwa. Uvivu! Aliniomba uvivu. Nikamwambia, "Nimekusikia, mama." Nikanywa maziwa yake, nikachukua na donge la udongo wa ukuta wake, kwa ajili ya kazi, nikarudi Musoma.

Na niliporudi nikakaa kwenye fuawe, chuma changu cha kufulia, nikasahau watu wote.

Niwaambie ilivyofanyika, maana hilo ndilo mpwa wangu alilotaka. Ukuta niliufua kutoka bamba moja, nikauzungusha kwenye gogo la mviringo. Nguzo za baraza ni waya mnene, kila moja nikaipiga kidogo iwe na mafundo, maana mti haunyooki. Paa ndilo lilinitesa. Nyasi nilizifanya kwa waya mwembamba, nikauvuta kwenye chuma cha matundu, tundu dogo, tundu dogo zaidi, mpaka ukawa kama uzi, kisha nikaupanga tabaka juu ya tabaka kutoka chini kwenda juu, kama waezekaji wanavyofanya. Ukilehemu tabaka la juu, la chini linaachia. Usiku na mchana yanaachia tu! Hapo ndipo udongo wa Bibi Wegesa ulipofanya kazi: unaukoroga kama uji mzito, unaupaka kwenye maungio yaliyokwisha, moto hauyafikii. Mkumbuke hilo hata mkiwa na gesi yenu. Paa nililifanya la kufunuka, ndani pakawa pa kuwekea pipi za wageni, kama Mama Magesa alivyotaka. Mwisho nikachemsha kitu chote kwenye maji ya ukwaju, kikatoka cheupe kama maziwa, nikakisugua kikang'aa.

Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Nilikuwa naamka nafikiria paa. Mke wangu aliniuliza kama nimeoa huko dukani. Mara mojamoja sauti ya yule bibi ilikuwa inanijia, tengeneza pole pole tu, nami nikajijibu kwamba mambo ya mama na mwanawe si yangu, mimi ni fundi, ahadi ni deni. Msemo mzuri kweli huo. Sikujiuliza deni hilo lilikuwa la nani.

Nikamaliza mapema. Mimi! Nikampigia simu Mama Magesa, akadhani nataka kuomba udhuru. Alipokuja kuiona alishika mdomo, machozi yakamtoka, akanikumbatia mbele ya duka. Watu wa sokoni wakaja kuchungulia. "Sonara ametimiza ahadi," wakasema, "mvua italeta samaki." Nilitembea mtaani kifua mbele kama nimechaguliwa diwani.

Juma hilohilo msonge ukabomolewa. Kazi ya asubuhi moja tu, waliniambia.

Kwenye sikukuu niliketishwa meza kuu, karibu na katekista aliyekuja kubariki nyumba. Pambo likawa katikati ya meza, jua la dirishani linalipiga, kila mtu anasifu. Bibi Wegesa akaletwa ameshikwa mkono na mjukuu, mtu aliyekuwa anatembea kwake bila kushikwa na yeyote. Wakamkalisha. Mama Magesa akauchukua mkono wa mama yake, akauweka juu ya paa.

"Mama, nyumba yako hii hapa. Haijapotea."

Bibi akalipapasa paa lote, akashuka ukutani, akazihesabu nguzo kwa kidole. Akafika mlangoni, akaingiza ncha ya kidole kidogo. Kikafika kwenye kiungo cha kwanza tu.

"Ni yenyewe," akasema. "Fundi ameijua." Watu wakapiga makofi na vigelegele. Kisha akageuza uso kunielekea, sijui nani alimwambia nimekaa wapi, akasema, "Kumbe wewe una mikono ya haraka, mwanangu."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniuma. Angenitukana ningejitetea, ninajua kujitetea. Pilau ilinishinda siku ile, na mimi pilau hainishindagi.

Laiti ningechelewa. Ningesema tinkali imekwisha. Ningemfisha shangazi mmoja zaidi. Mama Magesa asingeshangaa, alishanihesabu mwongo tangu mwanzo, yule wa kubomoa angeendelea kulima, na bibi angemaliza siku zake akijua chungu kiko wapi. Uongo wangu wote niliutumia kwenye pete na hereni, siku ulipotakiwa nikawa mkweli.

Mvua zikapita. Siku moja Mama Magesa akaja dukani na kitu amekifunga kwenye kitenge, anahema. Akakifungua. Lahaula! Fedha yangu ilikuwa nyeusi tii, masizi na mafuta, nyasi zote nilizovuta zimejaa moshi.

"Mtazame mama," akasema, "ameichukua mezani, amekaa nayo jikoni."

Kumbe bibi alikuwa amekataa sebule. Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiko la nje, banda la mabati na mafiga matatu, na huko ndiko alikokuwa anashinda kutwa. Ile nyumba ya fedha aliiweka pembeni ya moto, mkono wa kulia. Nikafunua paa. Pipi hakuna, kumejaa ugoro. Nikacheka, na Mama Magesa naye akacheka kwa kutotaka. Fedha hainaga tatizo na moshi, mjue, ukichemsha na magadi inarudi. Hata yai la kuchemsha ukiliweka karibu nayo inakuwa nyeusi, na magadi yanaitoa.

"Ing'arishe, Mzee Idi. Kuna wageni wanakuja kwenye komunio ya mjukuu. Sitaki waikute hivyo."

"Sawa," nikasema. Akaondoka.

Nikaiweka kwenye benchi, nikaitazama. Mimi nimewahi kuingia kwenye ule msonge, ninyi hamkuwahi. Ndani ulikuwa hivyohivyo, mweusi wa moshi, na harufu ndiyo hiyo. Yule bibi bila macho alikuwa amekamilisha kilichonishinda. Nikasema, hapana, safari hii siyumbi. Sitamvunjia nyumba mara mbili. Hata magadi sikuyagusa, niliifunga kwenye kitenge chake, nikaiweka kabatini. Mama Magesa alipopiga simu nikamwambia magadi niliyonayo ni mabaya, nimeagiza mengine. Akapiga tena, nikasema mkaa umekwisha. Akapiga tena, nikasema kesho. Nilikuwa najipongeza. Nilijiona nimemlipa bibi ule uvivu alioniomba. Komunio ikapita, Mama Magesa akanitukana kidogo, nikatukanika kwa furaha. Nilipanga mambo yapoe kwanza, kisha siku moja nitaipeleka mwenyewe Butiama na masizi yake, nimkabidhi mkononi.

Sikwenda. Nilikuwa sina haraka, si ndiyo maana ya pole pole?

Simu iliyofuata haikuwa ya kuulizia pambo. Alikuwa mjukuu, aliniambia bibi amefariki na mazishi ni kesho yake. Nikaitoa kabatini vilevile ilivyo, na ugoro wake ndani, nikapanda gari la Butiama nimeipakata.

Waombolezaji walikuwa wamejaa uwanjani, pale palipokuwa na msonge, maana ni pakavu na pako wazi. Mama Magesa alikuwa amekaa chini kwenye mkeka na wanawake wenzake. Nikamwinamia, nikampa pole, nikamwekea kile kitenge mapajani. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kwa nini sikuing'arisha, maneno mazuri nilikuwa nimeyapanga njia nzima.

Akafungua, akaona masizi. Hakuuliza. Akafunua paa, harufu ya ugoro ikatoka, akaifunika haraka kwa kiganja, akalia mpaka wenzake wakamshika. Alipotulia akasema, bila kunitazama:

"Alikuwa anaitafuta kwa kupapasa pale pembeni ya moto kila asubuhi, Mzee Idi. Nikamwambia iko kwa fundi. Kesho yake anapapasa tena. Mwisho akaacha kwenda jikoni, akawa anakaa tu kitandani."

"Sikujua, mama," nikasema. "Nilidhani..."

"Aliniuliza, 'Hata ile ndogo mmeibomoa?' Nikamwambia hapana, mama, inakuja kesho. Nilikuwa namwambia uliyoniambia wewe."